Hiyo bado ni mada, si swali: jibu kwa mwanafunzi wa sheria anayetafiti mabaraza ya kata Mwanza

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa sheria, mwaka wa mwisho, hapa Mwanza. Tuko sita kwenye kundi na tumepewa mradi wa utafiti wa vitendo chini ya msimamizi. Kituo kimoja cha wasaidizi wa kisheria kimetuomba tuwatafutie kwa nini migogoro ya ardhi inayopelekwa kwenye mabaraza ya kata haiishi huko huko. Tuliandika pendekezo lenye kichwa "Ufanisi wa mabaraza ya kata katika kutatua migogoro ya ardhi mkoani Mwanza". Msimamizi amelirudisha mara mbili, na mara ya pili ameandika pembeni: "Hii ni mada, si swali." Wenzangu wawili wanasema tusome sheria na hukumu tu, uwandani tutapoteza muda. Tena kituo kinataka tukiwa kule tuwasaidie wateja wao kuandika barua na hati za madai. Tuna wiki kumi na mbili. Tuanzie wapi?

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Msimamizi wenu amewatendea wema kulirudisha pendekezo mara mbili. Angeweza kulipitisha akapumzika. "Ufanisi wa mabaraza ya kata" ni gunia. Ukilifungua yanamwagika maswali hamsini: wajumbe wanapatikanaje, wanalipwa nini, wanajua sheria gani, wanamwogopa nani, mwanamke akisimama anasikilizwa au anakatizwa. Watu sita kwa wiki kumi na mbili hawalibebi gunia hilo. Mkilazimisha mtaandika kurasa themanini ambazo mtu asiyewahi kufika Igoma wala Buswelu angeweza kuziandika akiwa chumbani kwake.

Rudini kwa aliyewatuma. Utafiti wa vitendo una mtu anayesubiri jibu ili alitumie, na hilo ndilo linaloutenga na tasnifu ya kawaida. Hapa anayesubiri ni msaidizi wa kisheria aliyekaa nyuma ya meza ya kituo, na mbele yake kuna mama ameshika karatasi ya baraza iliyokunjwa mara nne. Muulizeni msaidizi huyo: ukishaisoma ripoti yetu, kesho yake asubuhi utafanya nini ambacho leo hukifanyi? Kaeni naye saa nzima, wala msiridhike na jibu la kwanza, maana la kwanza huwa ni la heshima tu. Nimewapeleka wanafunzi kwenye vikao vya namna hiyo kwa miaka, na mara nyingi swali la kweli hutoka mwishoni kabisa, watu wakiwa wameshaanza kusimama. "Kwani, mwalimu, mtu akishindikana kata anatakiwa atoke na karatasi gani hasa?" Hapo ndipo unatoa kalamu.

Ningekuwa kwenye kundi lenu ningeliandika hivi: mtu aliyepeleka mgogoro wa ardhi baraza la kata akakosa suluhu, anatoka pale na karatasi gani, baada ya siku ngapi, na akifika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya anapokelewaje? Swali hilo lina mtu ndani yake, lina karatasi, lina siku za kuhesabu, lina mlango wa ofisi ambao mnaweza kuugonga. Kila kipande kina mahali pa kutafutia jibu lake.

Sasa sheria. Wenzako wanaotaka kubaki maktabani wana nusu ya haki, kwa sababu hamwezi kwenda kata yoyote kabla hamjaijua sheria ilivyo leo. Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura 216, ilitungwa mwaka 2002. Kwa karibu miaka ishirini baraza la kata lilivaa kofia mbili chini ya sheria hiyo: lilisuluhisha, na pia liliamua mashauri ambayo thamani yake haikuzidi shilingi milioni 3. Mwaka 2021 Bunge likapitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali (Na. 3), ambayo ni Sheria Na. 5 ya mwaka huo, na kofia ya pili ikavuliwa. Tangu hapo baraza la kata linapatanisha tu. Na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya haliruhusiwi kusikiliza mgogoro wa ardhi mpaka baraza la kata lithibitishe kwa hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha wahusika. Isipokuwa siku 30 zikipita tangu shauri lifikishwe kata bila suluhu, anayelalamika anaweza kwenda mbele bila hati hiyo.

Hiyo sentensi ya mwisho isomeni mara tatu. Nitairudia.

Nasisitiza neno "leo" kwa sababu nililipuuza mimi mwenyewe. Baada ya mabadiliko hayo nilisimamia kundi lililoandaa kipeperushi kwa ajili ya kituo cha msaada. Walitumia kitabu cha maktaba, wakaandika kwamba baraza la kata linaamua mashauri ya hadi milioni tatu. Nilisoma, nikaona Kiswahili kizuri na mpangilio mzuri, nikasaini. Kipeperushi kikabandikwa ukutani. Aliyeligundua kosa ni mzee mmoja aliyekwenda kwenye kata yake na karatasi yetu mkononi kudai apewe hukumu. Akaambiwa baraza halina mamlaka hayo, akarudi kutuuliza sasa muongo ni nani. Nauli ya kwenda na kurudi alilipa mwenyewe, na kosa lilikuwa langu. Tangu siku hiyo sisaini karatasi ya mwanafunzi kabla hajanionyesha kwa kidole kifungu kilivyo baada ya marekebisho ya mwisho, na tarehe aliyokikagua.

Kuna mtego mwingine wa karibuni zaidi. Sheria za nchi zimefanyiwa urekebu, yaani zimechapwa upya pamoja na marekebisho yake, na Toleo la 2023 lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025. Katika sheria nyingi namba za vifungu zimehama. Hukumu ya mwaka 2022 ikitaja kifungu cha 13(4) cha Sura 216, inataja namba ya toleo lililokuwapo wakati ule. Kwa hiyo andikeni namba na toleo lake, kila mara, na mfungue toleo jipya mlinganishe maneno kabla hamjasema "sheria inasema". Hukumu zenyewe ziko TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, bure. Anzeni na za Mahakama Kuu, Masjala ya Mwanza, kwa sababu huko ndiko rufaa za mabaraza mnayoyatafiti zinakoishia. Tafuteni zile ambazo shauri liligongwa kwa pingamizi la awali kwamba mdai alikwenda wilayani bila kupitia kata. Kazi hiyo yote naipa wiki mbili, basi.

Kwa nini msiishie hapo? Wenzako wanadhani uwandani kunaongeza rangi kwenye ripoti. Sivyo. Mkiishia maktabani mtafikia jibu la uongo huku mkiwa na nia njema.

Chukua mfano wa kubuni. Migogoro kumi imefikishwa kata moja. Mitatu imeisha kwa kupeana mikono. Miwili wahusika wamechoka, wameacha. Mitano imepanda wilayani, na kati ya hiyo mmoja umekatiwa rufaa. Kwenye TanzLII mtauona huo mmoja. Kwenye masjala ya Baraza la Ardhi na Nyumba mtaiona mitano, na yote mitano itakuwa imeshindikana kata, kwa kuwa isingeshindikana isingefika pale. Mtafunga jalada la mwisho na kuandika kwamba usuluhishi wa kata haufanyi kazi kabisa, na mtakuwa mmewatukana wajumbe waliosuluhisha ile mitatu. Walioelewana hawaonekani wilayani kwa sababu hawakuwa na haja ya kwenda. Waliokata tamaa hawaonekani popote, na pengine hao ndio wenye habari kubwa kuliko wote. Pa kuwapata ni kwenye daftari la baraza la kata, na kwenye kumbukumbu ya mtu anayeliandika.

Ndiyo maana natamani mchague kata tatu tu, lakini zisizofanana. Moja ya katikati ya mji, ambako viwanja vimepimwa siku nyingi na ugomvi ni wa mpaka wa ukuta au wa nyumba ya urithi. Moja ya pembezoni ambako mji unapanuka, upande wa Buhongwa, Kishiri au Buswelu, ambako shamba la jana ni kiwanja cha leo na mtu mmoja anaweza kuwa amewauzia watatu. Na moja ya kijijini, tuseme kuelekea Kisesa, ambako mtakutana na ardhi ya ukoo na Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Kumbukeni Kisesa iko wilaya ya Magu, kwa hiyo barua ya Ilemela haitawafungulia mlango kule.

Nikueleze sasa jalada moja lilivyokuwa, ili nawe ukilikuta usilipite.

Tulikuwa tunapitia majalada ya wilayani na binti mmoja wa mwaka wenu. Ndani ya jalada la nne kulikuwa na karatasi ya daftari la mistari iliyochanwa upande wa kushoto, wino wa bluu. Juu jina la baraza. Chini yake mistari minne: wahusika wameitwa, wamesikilizwa, baraza limeshindwa kuwapatanisha, waendelee ngazi ya juu. Muhuri umekanyaga sahihi. Tarehe ya karatasi ipo. Yule binti akaandika kwenye jedwali lake "hati ipo", akaweka alama ya vema, akashika jalada la tano.

Nikamwambia rudi. Tarehe ya karatasi ipo, lakini tarehe ya shauri kufikishwa kata iko wapi? Haipo. Bila hiyo huwezi kuhesabu siku 30. Majina ya wajumbe waliokaa yako wapi? Hayapo. Sheria inataka wajumbe watatu wakae kusuluhisha, na angalau mmoja wao awe mwanamke. Bila majina hujui kikao kilikuwa halali au la. Karatasi ya mistari minne, na ndani yake kuna maswali matatu ya sheria. Yeye alikuwa ameliona moja.

Alikwenda kwenye kata ile. Katibu wa baraza alimpokea vizuri, akatoa daftari kubwa lenye jalada jeusi, akapekua. Tarehe ya kufunguliwa ikaonekana. Kati ya siku ile na tarehe ya karatasi kulikuwa na zaidi ya miezi minne. Mama wa watu alikuwa anakwenda na kurudi kwa miezi minne kufuata karatasi ambayo sheria, baada ya mwezi mmoja tu, ilikuwa imeshamwambia asiisubiri. Hakuna aliyemnyima haki kwa makusudi. Katibu hakuijua ile sentensi ya siku 30, na mama hakuijua. Binti aliporudi hakuwa na uso wa mtu anayetafuta alama.

Kwa hiyo jedwali lenu liwe na safu za mambo yanayohesabika: tarehe ya kufikishwa kata, kikao cha kwanza, idadi ya wajumbe na wanawake wangapi, tarehe ya karatasi, siku zilizopita, tarehe ya kufunguliwa wilayani, kama kulikuwa na pingamizi, na shauri liliishaje. Ongezeni safu moja ya fedha: alilipa nini, na stakabadhi ipo? Pale ambapo taarifa haipo andikeni "haionekani". Msiandike "hapana". Kutoonekana kwenye jalada na kutokuwapo ni vitu viwili, na wakili wa upande wa pili atawafundisha hilo kwa ukali siku moja mkishaanza kazi.

Kuhusu watu. Mwende wawili wawili, mmoja anauliza, mwingine anaandika, na kwenye kila jozi awepo anayeongea Kisukuma, angalau kwa kata ya pembezoni na ya kijijini. Kiswahili mtaeleweka nacho kila mahali, lakini mtu mzima akieleza alivyodhulumiwa shamba la baba yake huhamia lugha yake bila kujua, na hapo ndipo palipo na ushahidi wenu. Salamu msizikimbize. Kijana anayefungua fomu kabla ya kusalimia hupewa majibu ya fomu.

Acheni dodoso la "unaridhika kwa kiwango gani na huduma za baraza". Mtu atakujibu anaridhika, kwa sababu mtendaji wa kata amekaa mita tano kutoka hapo. Uliza hivi: "Mara ya mwisho ulipokwenda barazani, ilikuwaje, tangu ulipoingia?" Halafu nyamaza. Mtu atakuambia alisubiri nje mpaka saa nane, mjumbe mmoja hakuja, mdogo wa marehemu mume wake akasema kwanza, yeye akaambiwa aseme kwa kifupi. Hayo huyapati kwenye kiwango cha moja mpaka tano.

Hapo kwa wanawake na ardhi ya ukoo naomba mtulie kidogo, kwa kuwa Mwanza ina historia yake. Mwaka 1988 mwanamke mmoja wa Kihaya aliuza kwa shilingi 300,000 shamba alilorithi kwa wosia wa baba yake, akamuuzia mtu asiye wa ukoo. Ndugu wa ukoo akamshitaki Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, wilayani Muleba, na akashinda, kwa sababu kanuni za mila zilizoandikwa kwenye Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963 hazikumruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Wilaya ikatengua. Rufaa ikaja hapa, Mahakama Kuu Mwanza, na Februari 1990 Jaji Mwalusanya akaamua katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory kwamba kanuni hiyo ya kibaguzi haiwezi kusimama mbele ya haki za binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984. Kila mwanafunzi wa sheria ameisoma. Wachache wamejiuliza kama imefika kwenye benchi la baraza la kata. Mkiwa kule, mkisikia mjumbe anamwambia mama "ardhi ya ukoo mwanamke haigusi", andikeni neno kwa neno, na tarehe. Msibishane naye palepale. Mmekuja kusikia.

Vibali nitavipita haraka, maana chuo chenu kina utaratibu. Barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, kwa mkurugenzi wa halmashauri, mpaka kwa mtendaji wa kata. Ya majalada inakwenda kwa mwenyekiti wa Baraza la Ardhi na Nyumba. Nyamagana na Ilemela ni halmashauri mbili, msiweke zote kwenye barua moja. Anzeni wiki ya kwanza, barua zitembee mkiwa mnasoma sheria.

Siri za watu sitazipita haraka. Hukumu iliyoko TanzLII ni ya hadharani; muhtasari wa kikao cha kata sivyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, inatumika tangu Mei 2023, nanyi mnakusanya taarifa binafsi. Kila jalada lipewe namba yenu, na orodha ya majina akae nayo msimamizi peke yake. Msipige picha majalada kwa simu. Najua inarahisisha. Lakini picha hiyo saa mbili usiku itakuwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa, na huyo mama ana jirani mwenye mtoto chuoni kwenu.

Sasa hizo barua na hati za madai. Kataeni. Kataeni kwa adabu, kwa maandishi, kupitia msimamizi, kabla hamjaanza. Sheria ya Mawakili, Sura 341, inazuia asiye wakili kufanya kazi ya uwakili, na wewe mpaka upite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo na kuapishwa, si wakili. Wasaidizi wa kisheria nao wanafanya kazi chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, kwa usajili na mipaka yake. Nyinyi hamko huku wala kule. Na hata sheria ingewaruhusu, utafiti wenu ungeharibika: ukishamwandikia mtu hati ya madai huwezi tena kulihesabu jalada lake kama shahidi asiye na upande.

Lakini kukataa kusiwe kufumba macho. Lazima itatokea, katikati ya mahojiano mama atakuuliza: "Mwanangu, sasa nikate rufaa au niache?" Usimjibu rufaa yake ina nguvu au haina. Muulize hukumu ilitolewa lini. Rufaa ya uamuzi wa Baraza la Ardhi na Nyumba kwenda Mahakama Kuu ina siku 45, na kama ameshakaa nazo 38, huna ruhusa ya kwenda nyumbani ukaandika tu "mhojiwa hakujua muda wa rufaa". Mwambie waziwazi kuna muda unaisha, amwone wakili au kituo kesho, na umpigie msimamizi simu kabla jua halijazama. Kabla ya kuingia uwandani kundi na kituo mkubaliane jina la mtu atakayepokea watu wa namna hiyo, na namba yake iwe kwenye simu zenu sita. Mradi usio na mtu huyo mimi nisingeuruhusu utoke chuoni.

Mgawanyo wa kazi: msigawane sura. Makundi hupenda mmoja aandike utangulizi, mwingine sheria, mwingine matokeo, na mwisho inatoka ripoti ya watu sita wasiojuana. Gawaneni majalada. Kila mmoja afuate migogoro yake tangu daftari la kata mpaka ilipoishia, akutane na wahusika wake, kisha mkae pamoja kuandika. Hao wawili wa maktabani wapeni jalada kila mmoja wiki ya tatu. Sitashangaa wakiwa wa mwisho kurudi.

Kila mtu awe na shajara. Kila siku aandike alikwenda wapi, alikataliwa na nani, alidhani nini asubuhi na anadhani nini jioni. Msimamizi aisome kila wiki. Mimi hupata mengi kwenye shajara kuliko kwenye rasimu, hasa pale mwanafunzi anapoandika kwamba hakuelewa.

Kwenye matokeo mwe waungwana na namba. Mkisoma majalada 30 na 11 kati yake yamezidi siku 30, andikeni "majalada 11 kati ya 30 tuliyoyasoma". Msiandike "asilimia 36.7 ya migogoro ya ardhi Mwanza". Namba ya kwanza mnaweza kuitetea mbele ya yeyote. Ya pili mtu atainukuu kwenye warsha, na haitakuwa ya kweli.

Lugha: chuo kitataka Kiingereza, wapeni. Kituo wapeni Kiswahili, na kisiwe tafsiri ya kile cha chuo. Kiandikeni upya, kurasa mbili, mkianza na jibu: mtu akitoka kata awe na karatasi yenye mambo gani, na zikipita siku 30 afanye nini. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama zetu, na wakili kijana asiyeweza kueleza "hati ya kushindwa kusuluhisha" bila kukimbilia Kiingereza atapata shida mbele ya mteja na mbele ya hakimu. Wiki ya tisa pelekeni rasimu ya kurasa hizo kituoni, mmoja wa wasaidizi aisome kwa sauti mbele yenu. Pale anaporudia mstari mara mbili, ukateni na muuandike tena. Mkibakiwa na nakala, pelekeni na kwa yule katibu wa baraza la kata, mkononi, mshukuruni kwa daftari lake.

Pendekezo la tatu lisizidi kurasa tatu: swali, sheria ilivyo leo na toleo lake, kata tatu na sababu ya kuzichagua, jedwali, na jina la mtu wa kupokea wenye shida. Likirudi tena, niandikie alichoandika pembeni.